Dawa Yenye Harufu ya Kitunguu Saumu

Dawa, kinywaji kilichovuma kutoka mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, haina makuu: vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Inashabihiana na caipirinha ya Brazili, ila kule pombe yenyewe ni cachaça ya miwa. Kwa kuwa orodha ni fupi, kila mtu hujiona fundi. Hapo ndipo balaa huanza.

La kwanza ni kuponda ndimu. Mwenyeji hana kifaa cha baa, ana kinu. Anakiosha vizuri, anasahau kuwa mchi wa mbao umetwanga kitunguu saumu miaka nenda miaka rudi. Shemeji aliyealikwa anapiga funda moja, anatazama dari, kisha anauliza kwa heshima zote:

“Shemeji, hii ni dawa au achari?”

Hata mchi ukiwa safi, nguvu za kutwangia kisamvu hazihitajiki. Ganda la ndimu lina mafuta yanayonukia, na chini yake upo utando mweupe. Ukikandamiza taratibu unapata harufu. Ukitwanga unapata uchungu wa kwinini.

Asali nayo ina visa vyake. Ikimiminwa juu ya barafu hukakamaa na kuzama, mgeni akanywa ukali mtupu, utamu wote ukamngoja muosha vyombo. Baani huzungushiwa kwenye kijiti cha mbao, nacho huachwa ndani ya glasi ili mnywaji akoroge na kuminya ndimu mwenyewe. Nyumbani hutafutwa kijiko cha plastiki, kikavunjika.

Wapo pia wanaolaza vodka kwenye friza, asubuhi wakaikuta majimaji na kulalamika kuwa wameuziwa feki. Masikini! Vodka ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani, yenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Iliyoganda ndiyo ya kutiliwa shaka.

Anayekamulia ndimu uani, jua likiwaka, yuko hatarini zaidi. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua yanaweza kuibabua hadi malengelenge, tena baada ya siku moja au mbili, wakati hakuna anayeikumbuka ndimu.

Basi, kamulieni ndani, naweni mikono kwa sabuni, mchi wa saumu uacheni jikoni kwake. Na funguo za gari apewe asiyekunywa.