Moto wa Saa Nne

Simu ya Toronto iliingia tende ya kwanza ikiwa bado ulimini. Dada yangu akitaka jambo lake hana adhana wala futari.

"Kaka," akasema, salamu hata hazijatulia, "nimeletewa ripoti ya wiki. Kwani mtoto amerudi darasa la nne?"

Mamake mtoto akamtazama binti yetu. Binti, ambaye ni wa kidato cha pili, akanitazama mimi. Mimi nikachukua kaimati mbili nikazitia mdomoni kwa pamoja, maana mtu aliyejaa mdomo haulizwi. Nyanya, yaani mamangu mzazi, ambaye masikio yake huwa makali zaidi simu ikiwa ya mwingine, akauliza: "Darasa la nne? Na ile pesa aliyolipa itarudishwa?"

Ili mjue nilivyofika kwenye zile kaimati, sharti nianze na Machi.

Tarehe 15 Machi 2020 Rais alitangaza shule zifungwe kwa ajili ya korona, na binti yetu akarudi kutoka bweni na sanduku, godoro na ndoo. Tulidhani ni mapumziko ya wiki tatu nne. (Julai ndipo Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alipotangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea. Wakati ule hatukuwa na habari, na afadhali.) Kafiu ikawa saa moja jioni. Mikusanyiko ikakatazwa, harusi zikafa, na leso bila harusi ni vitambaa tu, basi duka nikalifunga. Tarehe 6 Mei Mji wetu wa Kale, hapa Mombasa, ukazungushiwa vizuizi, haingii mtu hatoki mtu. Nyumba ya vyumba vitatu: mama mkwe na mkaza mwana jikoni mchana kutwa, msichana wa miaka 15 ambaye hataki kutazamwa, na mwanamume asiye na duka ambaye hana kingine cha kutazama.

Lakini dada yangu alikuwa ametuwahi tangu Aprili. Alimlipia binti programu ya hesabu ya mtandaoni, ya Kimarekani, ile ile waliyokuwa wakiitumia watoto wake. Mahali pa barua pepe ya mzazi akaandika yake mwenyewe. Hilo hakutuambia, nasi hatukuuliza. Kisha akatia utamu: mtoto akisoma siku 30 mfululizo bila kukosa, zawadi yake dola 50.

Siku ya kwanza programu ilitaka kumpima mtoto ijue imkalishe darasa gani. Swali la tatu lilikuwa hili: Maria ana kwota 6 na daimu 4, ana senti ngapi?

"Baba, kwota ni robo ya nini?"

"Ya dola. Senti 25."

"Na daimu?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu mteja nisipojua bei: "Ngoja niangalie ndani."

Ilikuwa senti kumi, na jibu lilikuwa senti 190, lakini hapo Nyanya alikuwa keshaingia kati. "Msiwacheke Wamarekani," akasema. "Sumuni yetu ilikuwa senti ngapi?" Hamsini, nusu ya shilingi. "Na thumuni asili yake ni nini?" Sehemu moja ya nane. "Basi. Sisi tuliiita moja ya nane tukainunulia nusu, na sokoni hakuna aliyelia."

Ikamkalisha darasa la 8 la kwao, na kwa wiki moja nyumba ilitulia. Mgogoro ulikuwa mdogo mdogo. Kwa mfano mstari mnyoofu, ambao kitabu chake cha shule chauandika y = mx + c, programu yauandika y = mx + b. Binti akakosa usingizi juu ya hiyo b. Mimi nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi kwamba b na c ni majirani, asijali. Mamake yeye aligombana na video tu: kila mwalimu wa Kimarekani alipotabasamu, bando lilipungua. Akaweka sheria kwamba kusoma ni usiku, kwa bando la usiku, watu wakiwa wamelala.

Sasa nije kwenye moto. Karibu na jina la mtoto palikuwa na picha ya mwali, na ndani yake namba. Ukifanya somo leo, mwali unawaka na namba yaongezeka. Ukikosa siku moja unazimika, unarudi sifuri. Nimeuza leso miaka 22 na mtego wa mteja naujua nikiuona, nami nikauvulia kofia, halafu nikaingia mzima mzima. Namba ilipofika tano nilikuwa nikiamka na kuuliza habari za moto kabla sijauliza habari za mamangu.

Ulipofika 11 ukazimika.

Binti alilia machozi ya kweli. Alikuwa amesoma Jumatatu saa tano usiku, kama sheria ya mamake ilivyotaka. Jumanne akasoma saa tatu asubuhi, bando lilibaki. Jumatano akasoma saa tano asubuhi. Siku tatu, masomo matatu. Programu ikasema Jumanne hakuonekana.

Nyanya akaitwa awe kadhi. Akasikiliza, akauliza: "Hiyo Jumatatu saa tano usiku, jua lilikuwa limekuchwa?" Limekuchwa zamani. "Basi huo si usiku wa Jumatatu, ni usiku wa Jumanne. Mtoto kasoma Jumanne mara mbili, na Jumatano mara moja. Kilichokosekana ni Jumatatu." Kwa hesabu ya wazee wetu, ambayo siku yaanza magharibi, alikuwa sawa kabisa, ila hakutusaidia hata kidogo. Tukawa na kalenda mbili ndani ya nyumba na zote mbili hazikubaliani na ya tatu.

Ya tatu binti aliifukua mwenyewe kwenye kurasa za msaada: programu huhesabu siku kwa saa ya California, iliyo nyuma yetu kwa saa kumi majira yale. Kwao Jumatatu yetu ya saa tano usiku ilikuwa Jumatatu mchana. Jumanne yetu ya saa tatu asubuhi ilikuwa bado Jumatatu, saa moja kabla ya usiku wa manane. Na Jumatano yetu ya saa tano asubuhi ilikuwa Jumatano imeshaingia. Kwa hiyo Jumatatu mara mbili, Jumanne patupu.

Akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji: S = C + 4. Hiyo S ni saa ya Kiswahili, C ni saa ya California. Kumi za kuongeza, sita za kupunguza kwa kuwa saa yetu huanza kuhesabu alfajiri, zabaki nne. Siku ya California ikiisha, kwetu ni saa nne asubuhi. "Ni mstari, Baba," akaniambia, macho bado mekundu. "Mteremko wake 1, na c yake 4."

"Au b," nikasema.

Hakucheka. Lakini tangu siku ile nyumba nzima ikaishi kwa saa nne. Mamake akitia maji ya chai alisema moto bado una saa mbili. Nyanya, ambaye hajawahi kuishika ile tableti, akawa akipiga kelele kutoka chumbani, "Saa nne hiyo!" kama mwadhini. Ramadhani ikaingia, misikiti imefungwa, tukaswali tarawehe sebuleni, na binti akapata mpango wake: somo baada ya daku, kisha kulala. Namba ikapanda: 15, 20, 26.

Kumi la mwisho, asubuhi moja, nikaamka saa tatu na dakika 40. Tableti iko mezani, namba ndani ya mwali bado 26. Binti alikuwa amelala na kitabu kifuani. Daku lilikuwa limemshinda.

Ningemwamsha. Nakiri mbele yenu, ningemwamsha. Lakini alikuwa amelala usingizi ule wa mtoto mdogo, mdomo wazi, na mimi nikajiambia: somo moja, dakika 20, na mwanamume anayefanya hesabu za doti na korija kichwani atashindwa na nini?

Programu ilikuwa imechagua siku hiyo kumpa marudio ya sehemu. 3¼ − 1⅔.

Dukani robo naijua na nusu naijua. Hakuna mteja aliyewahi kuniomba thuluthi ya wari. Nikatoa simu mfukoni, kalkuleta, 3.25 toa 1.67, nikaandika 1.58. Ikakataa, yataka sehemu. Nikafikiri: 3 toa 1 ni 2. Robo toa thuluthi mbili haiwezekani, basi nigeuze. Nikaandika 2 5/12 kwa mkono usiotetemeka. Ikakataa. Ikanionea huruma, ikaniletea swali jepesi zaidi. Nikalikosa kwa hasira. Ikaniletea jepesi zaidi ya hilo. Mwishowe ikanichorea pizza iliyokatwa vipande, na hapo, mbele ya pizza, nikavunjika heshima kabisa.

Saa nne kasoro dakika mbili somo likaisha. Makofi, nyota, mwali ukawaka: 27! Moto hauulizi kama ulipata. Wauliza kama ulikuja. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mwanafunzi ameandaliwa njia mpya ya kujifunza, darasa la 4. Nikairudisha tableti mezani pale pale, kwa pembe ile ile, nikaenda kujifanya nasoma juzuu.

Basi hiyo ndiyo ripoti iliyofika Toronto.

Binti aliondoka kwenye jamvi la futari bila neno, akarudi na tableti, akafungua majibu ya siku ile, akaanza kuyasoma kwa sauti kama mpelelezi. "1.58. Huyu ametumia kalkuleta ya simu." Kimya. "2 5/12. Huyu ametoa 1 kwenye 3, akaona ¼ haitoshi kutoa ⅔, badala ya kuvunja moja kutoka kwenye ile 3 akatoa ndogo kwenye kubwa." Akainua macho. "Nyanya hashiki kalkuleta. Mama anajua kukopa."

Nikamaliza kumeza. "Nilikuwa naokoa dola 50."

"Umeshafuturu," Nyanya akasema, "lakini Ramadhani haijaisha. Sema vizuri."

Nikasema vizuri. Kwenye simu dada yangu alicheka mpaka nikaisogeza mbali na sikio, kisha akakohoa, kisha akacheka tena.

Hukumu ikatolewa na binti: aliyeshusha ndiye atakayepandisha. Yeye angefanya somo lake moja la kuwasha moto, na mimi ningefanya masomo ya darasa la nne, usiku, yeye kaketi kando, kiganja chake kimefunika kile kitufe cha kuomba msaada. Kumbe kile kitufe ukikibonyeza mara nne kinakupa jibu zima, na yeye alikuwa akilijua hilo tangu Aprili. Nilitaka kuuliza alilijuaje, nikakumbuka kwamba sikuwa na cheo cha kuuliza.

Aliyeniokoa hasa ni Nyanya. Hajasoma shule, lakini alipokufa babake alikaa miaka miwili kwenye mzozo wa mirathi ya nyumba, na mirathi ya Kiislamu yote ni sehemu: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. "Thuluthi na robo hazikai jamvi moja," akasema, "mpaka uzitafutie nyumba ya kumi na mbili." Ndivyo alivyonifundisha asili moja. Binti akatuambia kwamba al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilicholipa somo la aljebra jina, alijaza sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya wasia na urithi. Nyanya hakushangaa. "Kungekuwa hakuna ndugu wagomvi," akasema, "nani angehitaji hesabu?"

3¼ ni 39/12. 1⅔ ni 20/12. Inabaki 19/12, yaani 1 7/12. Niliiandika usiku wa pili saa nane, na nilipiga kelele hata mamake akatoka chumbani na leso kichwani kuuliza nani amekufa.

Kwa usiku tatu nikafika darasa la 6. Kutoka hapo binti akaona nachelewesha, akafanya mtihani wa kuruka, na kwa saa moja akajirudisha mahali pake. Moto ulifika 30 sikukuu ya Idi. Dada yangu akatuma dola 50 kwa M-Pesa, na akaniambia ripoti mpya yamsifu mtoto kwa bidii ya ajabu kwenye sehemu, hasa nyakati za usiku.

Nikamwendea binti mlangoni, nikiwa na kanzu yangu ya Idi, nikamkumbusha kwa upole kwamba ule moto tuliuwasha pamoja.

"Siku moja kati ya 30," akasema. "Zile usiku tatu ulikuwa ukilipa kadha, na kadha haina ujira."

"Basi hiyo siku moja."

Akatazama juu kidogo, bila simu, bila karatasi. Mimi nikawahi: "Dola 1.67."

"Desimali haikubaliki," akasema. "Moja na thuluthi mbili, Baba."