Harusi Isiyo na Mi

Spika ya kwaya yetu hapa mtaani Musaga iliharibiwa na mvua. Bati la kanisa lilivuja usiku kucha, maji yakaingia kwenye ile karatasi ya spika, na ilipokauka ikabaki na mpasuko. Fundi alisema imekufa. Lakini spika ya kwaya haifi mpaka mchango wa nyingine upatikane.

Tangu hapo kinanda ninachopiga hutoka kikikoroma. Ukipiga akodi kamili, do-mi-sol, unasikia lori la viazi likipanda mlima kwenda Ijenda kwa gia ya kwanza. Mwondoe mi, ubaki na do na sol za kushoto kabisa pamoja na do ya juu yake, na mkoromo unageuka ngurumo safi. Vijana wa gitaa wakainua vichwa. "Hiyo ni rock, kaka!" Na ni kweli.

Sababu yake ni hesabu. Tuseme do inatetemeka mara 100 kwa sekunde. Sol itakuwa karibu 150. Spika iliyopasuka haitosheki na sauti ulizoipa, huongeza na tofauti kati ya sauti hizo: 50, yaani do nyingine ya chini. Wote ndugu. Mleta fitina ni mi. Kwenye kinanda yuko kama 126, hivyo anaacha tofauti ya 26 upande mmoja na 24 upande wa pili, na hao wawili hawasalimiani. Ndiyo maana wapiga rock humwacha nje. Tena wenzetu uharibifu huu waliutafuta: Link Wray wa Marekani alitoboa spika kwa penseli ili "Rumble" ya 1958 ikorome, na Dave Davies wa The Kinks akachana yake kwa wembe kwa ajili ya "You Really Got Me" ya 1964. Jon Lord wa Deep Purple alipitisha ogani yake ya Hammond kwenye amplifaya za Marshall, za magitaa. Sisi mvua ilitufanyia bure.

Tatizo ni kwamba mi ndiye anayeamua kama wimbo unafurahi au unalia. Akiwa mahali pake ni harusi. Akishuka nusu hatua ni msiba. Asipokuwepo, kila mtu hujichagulia. Basi Jumamosi moja bibi harusi anaingia, mimi nanguruma na do na sol zangu. Sauti ya kwanza ikachagua furaha. Sauti ya pili, ambao wiki nzima walikuwa msibani, wakashuka. Tena wakasimama katikati, mahali ambapo kinanda hakina hata kibonye. Kwa upande wangu hakuna aliyekosea.

Bibi harusi akapunguza mwendo. Mzee mmoja mlangoni akavua kofia. Mama mwenye vazi la imvutano la njano akainama sikioni kwangu: "Mwanangu, nani amefariki?"

Mwalimu wa kwaya akaninyooshea vidole vitatu: rudisha mi! Nikamrudisha. Lori likaingia kanisani na viazi vyake vyote.

Umeme ukatuhurumia, ukakatika. Akina mama wakapiga vigelegele, makofi yakafuata, na sauti zote zikampata mi bila kuuliza mtu.

Mchango wa spika mpya umetangazwa. Vijana wa gitaa wameandika barua wakiomba wapewe ile ya zamani, na wazee wa kanisa wameijadili vikao viwili, wanataka kwanza kujua ina nini ndani.