Mwalimu Apunguze Chumvi

Serikali ya Kenya ni karimu mno, hasa inapogawa jasho la walimu. Mwaka 2003 ilifuta karo ya shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Watoto walifunguliwa mlango; mwalimu akaambiwa ajipange.

Mwaka 2016 ikaja tathmini ya utendakazi, TPAD. Mwalimu mwenye rundo la insha mezani, kalamu nyekundu imeanza kukauka, sasa ajipe alama mwenyewe, kisha apakie mtandaoni ushahidi kwamba kweli alifundisha. Intaneti isiposhika, apande mlimani.

Hayo hayakutosha. Mwaka 2023 Gredi ya 7 ilipelekwa katika shule za msingi, na kazi wakaachiwa kwa sehemu kubwa walimu tarajali waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Aliyesomea masomo mawili alijikuta akifundisha na yale aliyoyaacha kidato cha pili. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema mikataba ya walimu hao tarajali inakiuka haki zao. Mwezi uliofuata waligoma, na baadhi yao wakaandikiwa barua za nidhamu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka kila mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Serikali inaifahamu vizuri, maana iliitunga yenyewe. Ila mwalimu presha ikimpanda, lawama zote hukiendea kichupa cha chumvi.