Saa 36 na Soketi Moja: Mwongozo wa Anayekwenda Hakathoni

Kabla hujafunga begi, kaa na mama umweleze. Akisikia neno "hakathoni" atadhani mnakwenda kudukua akaunti za watu, na usingizi hatauona. Mwambie neno hilo lina undugu na marathoni. Mwaka 1999, huko Calgary nchini Kanada, watengenezaji 10 wa mfumo wa OpenBSD walikutana kuandika programu pamoja, nje ya Marekani, kwa sababu sheria za Marekani zilibana usafirishaji wa programu za usimbaji fiche. Hawakuwa wanashindana. Walikuwa watu wenye kazi moja kwenye chumba kimoja. Mwaka 2009 wanafunzi wa University of Pennsylvania wakaanzisha PennApps, hakathoni ya chuo inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Mashindano na zawadi vilikuja kupandishwa juu ya ile kazi ya pamoja, na kila ninachokuagiza hapa kinatoka kwenye kazi hiyo.

Basi, beba ekstensheni. Ya matundu sita, waya mrefu. Ukumbi una watu mia na soketi chache ukutani, na mwenye ekstensheni hupata marafiki kabla hajafungua laptopu. Anayechomeka chaja tatu kisha akaweka begi juu yake zisiguswe na mtu ni mkoloni, na aambiwe hivyo hivyo, kwa sauti. Beba pia bando lako, maana intaneti ya ukumbi huzidiwa wote mkianza kupakua vifurushi vya programu kwa wakati mmoja. Pakua vya kwako nyumbani. Hilo linaruhusiwa.

Lisiloruhusiwa ni kuja na programu iliyopikwa mwezi mzima, kisha ukaipasha moto mbele za watu ukasema umeipika jana usiku. Git huandika saa ya kila badiliko unalohifadhi. Najua saa hizo zinaweza kuchezewa, na anayezichezea ana ujuzi wa kutosha kufanya kazi halali. Kama una kipande cha zamani, kitaje mapema kwa waandaaji. Ukichukua maktaba ya chanzo huria, soma leseni yake. Ile ya MIT ni fupi kuliko ujumbe wa kuomba nauli, na inachotaka ni uyaache maandishi ya hakimiliki na ya leseni yenyewe yakae pamoja na nakala. Ukisaidiwa na akili unde, jaji akikuonyesha mstari wowote uweze kumweleza unafanya nini. Ukishindwa, mstari huo si wako bado.

Sasa timu. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Timu nyingi ni za watu wanne, na kwa mbinu ninayoijua vizuri mno, kibodi hushikwa na mmoja. Wengine wanaagiza chipsi mayai. Kama kuna binti wa mwaka wa kwanza, anaambiwa, "Wewe utatutengenezea slaidi." Niliwahi kusimama nyuma ya timu ya namna hiyo, saa tisa usiku. Walikuwa wanajenga mfumo wa kuwakumbusha wajawazito tarehe za kliniki kwa ujumbe mfupi, na ujumbe haukuwa ukifika. Kaka mwenye kibodi alikuwa amebadilisha kila kitu, hadi rangi za vitufe. Yule binti akanyoosha kidole kwenye skrini, taratibu: "Kaka, mbona sifuri ya mbele haipo?" Walikuwa wamehifadhi nambari za simu kama tarakimu za hesabu, kwa hiyo 0712 ikabaki 712. Aliliona kosa mara moja kwa sababu likizo zote huuza vocha kwenye kibanda cha shangazi yake, na muuza vocha hakosei nambari ya mteja. Walirekebisha kwa dakika chache. Kisha wakamrudisha kwenye slaidi.

Iliniuma, na bado inaniuma. Kwa hiyo hii ndiyo kanuni: kibodi izunguke. Kila baada ya saa mbili, mkono mwingine. Anayejua zaidi akae pembeni aelekeze kwa mdomo, mikono yake akaifungie kwenye andazi. Mtakwenda polepole, na mtu aliyekuja kujifunza atarudi nyumbani na kitu.

Usijaze mfumo wenu nambari halisi za wanafunzi wenzako ulizozichota kwenye kundi la darasa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata zisingekuwepo, dada wa watu hakukupa namba yake ili ionekane ukutani kwa projekta. Tunga majina. Tunga nambari.

Lala. Hata saa tatu, juu ya mkeka, viatu chini ya kichwa visipotee.

Ikifika zamu ya kuonyesha kazi, onyesha kilichopo. Nimekaa upande wa majaji, nikamwomba kijana abonyeze kitufe cha pili badala ya cha kwanza, skrini nzima ikasogea kama picha kwa sababu ilikuwa picha. Ukumbi ulicheka, mimi sikuweza, kwa kuwa nyuma ya picha ile kulikuwa na ramani nzuri waliyoijenga kweli na hawakuionyesha kabisa. Timu iliyofuata ilisema, "Malipo haya yako kwenye mazingira ya majaribio, hakuna shilingi inayohama. Kinachofanya kazi ni hiki." Wakakibonyeza, kikafanya. Niliwapa alama za juu kuliko wote, na ningewapa tena leo.

Matokeo yakisomwa, pigia makofi walioshinda hadi viganja viume. Halafu, kabla ya kukimbilia daladala, tumeni nakala ya kazi kwa wote wanne, na majina yote manne yaandikwe kwenye faili la maelezo, likiwemo la mtengeneza slaidi. Zoeni maganda ya karanga chini ya meza yenu. Na yule mlinzi aliyekesha nanyi akiwafungulia mlango wa choo, muageni kwa jina lake.