Miguu Ndiyo Springi ya Nyuma

Swali huja kila Jumamosi alfajiri, tukijaza upepo kwenye kituo cha petroli Makongeni, Thika, kabla jua halijapanda. Mtu anaitazama baiskeli yangu, anaona springi kwenye foki ya mbele, anafurahi. Anazunguka nyuma, anainama, anatafuta. Hapati.

"Buda, ya nyuma wameiba?"

Hakuna aliyeiba. Ndivyo ilivyozaliwa. Haditeili ni baiskeli ya milimani yenye springi mbele na fremu ngumu nyuma, nami nitaitetea kokote kuanzia Kamakis hadi Kilimambogo. Leo nahesabu kurudi chini, kutoka tisa hadi moja. Mwenye ubishi auweke mfukoni mpaka tufike moja.

9. Kisichokuwepo hakiharibiki

Springi ya nyuma haiji peke yake, huja na ukoo mzima: bawaba, beringi, bushi, sili za mafuta. Vumbi letu jekundu likishaingia humo, halitoki bila pesa nazo kutoka. Fremu ngumu ni mabomba yaliyochomelewa, basi. Twende nane.

8. Ni dada yake blakmamba

Mwaka 1976, huko Marin, California, vijana walikuwa wakisukuma baiskeli nzito za kizamani hadi juu ya njia moja ya vumbi kwenye Mlima Pine, kisha wanaziachilia. Springi hazina hata moja. Breki ni ile ya kukanyaga pedali kinyume. Kufika chini, grisi ndani ya habu ya nyuma imeungua ikawa moshi, sharti ifunguliwe na kujazwa upya. Ndiyo maana mbio zile ziliitwa Repack. Mwaka uliofuata Joe Breeze akatengeneza fremu ya kazi hiyo hasa, na springi za mbele zikaja miaka mingi baadaye.

Sasa niambie: chuma kizito, mteremko wa vumbi, breki zinanuka. Wewe unaona California? Mimi naona wazee wetu na baiskeli zao nzito za blakmamba, mitungi ya maziwa imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, wakiteremka kutoka Gatundu asubuhi na mapema. Wale wa Marekani walitakiwa wafike chini. Wetu walitakiwa wafike chini na maziwa yasimwagike. Nani mkali hapo?

Na asitokee mtu akaniambia mchezo huu ni wa wageni. Hapa hapa Kiambu, Mai-a-Ihii karibu na mji wa Kikuyu, David Kinjah amewalea vijana kwenye vijia vya udongo huu huu. Mmoja wao, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alianza na baiskeli ya milimani kabla hajaenda kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mara nne, jamani. Kaunti yetu.

7. Inakufikisha porini na kukurudisha nyumbani

Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, na pembeni ikawekewa njia ya waenda kwa miguu na wenye baiskeli. Utakuta humo mkokoteni wa mitungi ya maji, bodaboda aliyechoka kutafuta pa kugeukia, na mama wa mahindi choma. Wasalimie wote, pita polepole. Fremu ngumu haibonyei unapokanyaga, kwa hiyo jasho lote linaishia kwenye gurudumu. Kutoka Ruiru hadi Thika utauhisi utamu wake, na jioni, ukiwa na njaa, utauhisi mara mbili.

6. Ruiru 11 si namba ya matatu

Mgeni wetu mmoja alidhani ni matatu, akauliza inapandiwa wapi. Ruiru 11 ni aina ya kahawa iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru mwaka 1985. Ni mbuni mfupi, unaohimili chulebuni na kutu ya majani. Na kwa kuwa ni mfupi, hupandwa kwa msongamano: mita 2 kwa 2, wakati mibuni ya zamani kama SL28 huachiwa karibu mita 2.75.

Haya, chukua usukani wako ujaribu kupita kati ya mistari hiyo. Wa siku hizi una sentimita 76 au zaidi. Ukipiga hesabu kwenye karatasi utasema nafasi ipo. Subiri matawi yazae, yainame, yakutane katikati. Tawi likikugonga mkono wewe utapona kesho, lakini lile lililovunjika ni karo ya mtoto wa mtu. Kwa hiyo hatupiti kati ya mistari. Tunapita barabara za pembeni, tukiwa na ruhusa ya mwenye shamba, na kuanzia Oktoba hadi Desemba, wachumaji wakiwa na debe zao njiani, tunashuka na kusukuma.

Malipo yake? Nenda wiki moja hivi baada ya mvua ya kwanza. Mibuni yote inachanua kwa pamoja, maua meupe pepepe, harufu kama ya asumini, na nyuki wamejaa hata unapunguza mwendo ili usimeze mmoja. Pale juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, haditeili inakuambia kila kitu kilichoko ardhini. Inakuambia kwa ukali, lakini inakuambia ukweli.

Nina uchungu na jambo moja, acha niliseme hapa. Ruiru mibuni inang'olewa na mahali pake panakuja ploti za hamsini kwa mia. Watu wanahitaji nyumba, najua. Lakini njia ya miguu iliyokuwepo tangu enzi za babu inaweza kupewa mita mbili kwenye ramani. Mita mbili, nafasi ya mbuni mmoja!

5. Mbigili haianguki vibaya

Ukishavuka Thika kuelekea Munyu, nchi inakauka na mbigili inaanza. Ichukue mkononi uitazame: punje ndogo ngumu yenye pembe, na hata uidondoshe vipi, pembe moja itatazama juu. Inamngoja nani? Wewe.

Dawa ni tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya gundi ndani. Mwiba ukitoboa, gundi inakimbilia tundu na kuliziba huku bado unaendesha. Faida ya pili ni kwamba unaweza kuteremsha upepo hadi pauni 25 hivi, na tairi nene lenye upepo kidogo ni springi kamili ambayo hukutozwa senti. Bado unapenda tyubu? Sawa. Ya kwanza ukiharibikiwa nitakupa yangu. Ya pili, unanunua chai ya kundi zima, na mandazi.

4. Blakkotoni

Udongo mwekundu una utu. Ule mweusi wa huku Juja Farm hauna. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiganja. Ukiuingia mbichi, tairi linanenepa, halafu linagusa foki, halafu linagoma kuzunguka, na baiskeli ya kilo 14 sasa unaibeba begani na bado inaongeza uzito. Haditeili angalau ina uwazi nyuma: kijiti kimoja cha mkaratusi, kwangua, kwangua, twende. Mwenzetu wa springi mbili bado anachokoa bawaba. Machi hadi Mei tunapanda upande wa Gatundu, kwenye wekundu. Mambo ya kiume hayapimwi kwa matope.

3. Fundi wa chini ya mti anaijua

Fundi wangu ni mzee wa Makongeni, ana sanduku la mbao, bisibisi tatu na rula ya shule ya inchi 12. Rula ndiyo hospitali. Nilipeleka baiskeli gia zikirukaruka, nikasema nadhani kibadilishi cha nyuma kimepinda.

"Hebu kwanza, kijana." Akapangusa mnyororo kwa kitambaa, akauvuta, akaweka sifuri ya rula katikati ya pini moja. Akahesabu kwa kucha, kiungo cha nje na cha ndani kikiwa jozi, mpaka jozi kumi na mbili.

"Pini hii ikikaa kwenye 12 barabara, mnyororo ni mzima. Ikipita kwa moja ya kumi na sita, unanunua mnyororo. Ikipita kwa moja ya nane, umeshakula meno ya gia zote, unanunua kila kitu."

"Na wangu, mzee?"

Akainamisha uso karibu na rula, mwanga wa jua ukipita kati ya majani. "Moja ya kumi na sita. Umekuja mapema. Wenzako huja wakilia."

Hakufungua kompyuta, wala hakuagiza kipuri kutoka ng'ambo. Mnyororo ulipatikana mjini kabla ya saa sita. Na kibadilishi changu kilikuwa kimenyooka, asanteni kwa kuuliza.

2. Kilimambogo hakuna mchezo

Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Unasimama peke yake, mita 2,145, upande wa pili wa Mto Athi na maporomoko ya Fourteen Falls. William Northrup McMillan, aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, alitaka azikwe kileleni. Alifariki mwaka 1925, na husimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, akazikwa kabla ya kufika. Kaburi liko pale pale njiani mpaka leo.

Ndani ni hifadhi ya taifa, ina lango, malipo na askari, na ina mbogo kama jina linavyosema. Mbogo hana breki, kwa hiyo tunazunguka chini, kupitia vijiji. Pale mawe yanapoanza na njia inasimama kama ngazi, ndipo utapenda fremu ngumu: gia ndogo kabisa, kifua mbele, na kila mkanyago unakusogeza. Hakuna nguvu inayopotea kwenye springi ya nyuma. Gari lilishindwa, goti halishindwi. Bishaneni na McMillan.

1. Miguu

Bonde la Chania, juu ya mji, kuna kijia kinachoteremka kati ya mikaratusi na shamba la majani ya ng'ombe. Mizizi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mkulima. Unashusha kiti. Unasimama, pedali zote mbili usawa, visigino chini, magoti yamelegea, kidole kimoja kimoja kwenye breki. Hutazami mzizi, unatazama utakapokuwa baada ya mzizi. Gurudumu la nyuma linaruka, goti linakunja, nyonga inapokea, kifua kinatulia. Hiyo ndiyo springi niliyokuwa nikiulizwa. Iko kwenye mwili, na ukizidi kuja inazidi kuwa laini. Mwaka wa kwanza njia hii nilishuka kwa dakika nyingi na mikono ikitetemeka. Sasa nawasikia ndege.

Jumamosi iliyopita, kwenye kona ya chini, tulimkuta shosho na mzigo wa majani mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Tukasimama wote, tukampisha, tukamsalimia. Yeye naye akasimama, akaiangalia baiskeli yangu mbele, akazunguka nyuma, akainama, akatafuta.

"Na keria iko wapi?"

"Haina, shosho."

"Haina keria." Akalitua furushi chini taratibu. "Sasa hiyo inabeba nini?"

Tukalilaza juu ya usukani na kiti, mimi nikashika upande huu, mwenzangu ule, na tukasukuma kurudi juu kwenye mizizi ile ile hadi langoni kwake.