Barua ya wazi kwa majaji wa Washington, kuhusu jokofu

Waheshimiwa Majaji,
Mahakama ya Juu ya Marekani,
Washington, D.C.

YAH: PONGEZI KWA KUUTAKASA UZEMBE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu, na uamuzi wenu wa Novemba 1988, Arizona dhidi ya Youngblood.

Mwaka 1983, mjini Tucson, mtoto wa miaka kumi alitekwa na kufanyiwa ukatili wa kingono. Polisi walichukua sampuli za hospitali wakazitia kwenye jokofu la kituo. Nguo za mtoto hawakuzitia. Madoa yakaharibika, vipimo vikatoka mikono mitupu. Larry Youngblood akatiwa hatiani kwa kutambuliwa na mtoto, ambaye alikuwa ameeleza kwamba mhalifu ana kasoro ya jicho la kulia. La Youngblood lilikuwa la kushoto, lakini tusigombanie macho.

Mahakama ya rufani ya Arizona iliifuta hukumu. Nyinyi, kwa kura 6 dhidi ya 3, mkasema hapana: polisi wakipoteza kielelezo ambacho huenda kingemfaa mshtakiwa, haki haijavunjwa mpaka yeye athibitishe kuwa walikuwa na nia mbaya. Athibitishe akiwa mahabusu, kwa nyaraka zilizo kabatini mwa polisi haohao.

Muuza samaki wa soko la Feri akiipata kanuni hii hanunui barafu tena. Mteja anayelalamikia harufu athibitishe kwanza kwamba samaki aliachwa juani kwa chuki.

Nami nimejifunza mengi. Mwaka 1963, katika Brady dhidi ya Maryland, mlisema upande wa mashtaka ukificha ushahidi muhimu wa kumnasua mshtakiwa, nia yao haijalishi, iwe njema au mbaya. Basi askari mwerevu hafichi, anaacha kielelezo kioze. Kilichofichwa kinaweza kufukuliwa. Kilichooza hakuna ajuaye kingesema nini, na kwa kuwa hakuna ajuaye, mnakiita “huenda kingefaa” na kesi inaendelea.

Mwaka 2000 vielelezo vilivyochakaa vilipimwa kwa teknolojia mpya ya DNA. Youngblood hakuhusika. Baadaye DNA ikamwangukia mtu mwingine, naye akahukumiwa. Mtoto yule, sasa mtu mzima, alikuwa ameishi miaka yote hiyo na jina la mtu asiye mhalifu. Hilo silifanyii mzaha.

Mwaka 2004, katika Illinois dhidi ya Fisher, mkaishikilia kanuni ileile. Huo ndio uthabiti. Mtu kasafishwa, kanuni iliyomrudisha gerezani inadunda.

Nina maombi mawili. Likemeeni Bunge lenu, ambalo mwaka huohuo lilitunga sheria ya kuhifadhi vielelezo vya kibaiolojia katika kesi za shirikisho, kana kwamba polisi hawana kazi nyingine ila kufungua mlango wa jokofu. Kisha kanuni yenu iwafikie na raia: siku maofisa wa kodi watakapodai risiti, iwatoshe kujibu kwamba zilinyeshewa, na kwamba mvua haikuwa na nia mbaya.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa hukumu zenu