Macho ya Bei Mbaya

Mtu wa mainasi sita haulizi herufi za kwenye ubao wa daktari zina ukubwa gani. Anauliza ubao wenyewe uko upande gani. Bila miwani, dunia yangu inayosomeka inaishia sentimita 16 hivi kutoka usoni. Zaidi ya hapo ni rangi zinazopitapita, na kazi yangu ni kubahatisha ipi ni bosi na ipi ni mnazi.

Kinyozi wangu analijua hilo. Akishanivua miwani anafanya atakalo, halafu ananishikia kioo kisogoni na kuuliza, "Vipi mkubwa, nimepatia?" Najibu, "Umepatia," kwa sauti ya mtu aliyeona. Nikishavaa miwani ndipo ninapojua nimeidhinisha nini.

Baharini ni balaa zaidi. Sikukuu moja ya Idi pale Coco Beach nilitoka majini na chumvi machoni, miwani ikiwa kwenye mkoba wa mke wangu. Nikaona kanga nyekundu, nikaona watoto wawili, nikaketi. Mbele yangu palikuwa na sahani ya mihogo ya kuchoma. Nikala kipande, nikachukua na cha pili. "Karibu kaka, pilipili hii hapa," akasema mwenye kanga, kwa upole kabisa. Sauti haikuwa ya mke wangu. Mke wangu alikuwa mkeka wa tatu kutoka pale, ananitazama, amenyamaza makusudi ili aone nitafika wapi.

Kwa hiyo shemeji aliporudi likizo kutoka Muscat akiwa hana miwani, na akawa anasoma ubao wa daladala ya Gongo la Mboto wakati mimi hata daladala yenyewe sijaiona, roho ilinidunda. Kumbe alifanyiwa leza. Akanisimulia usiku mzima, kisha akamalizia kwa ushauri: "Ila shemeji, ukifanya, fanya ile ya kisasa kabisa. Usibane hela. Macho hayana spea."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitesa. Mimi ni mtu wa Kariakoo, hata bei iliyoandikwa ukutani naishusha. Lakini jicho utaliombeaje punguzo? Wakikataa umeaibika. Wakikubali ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu utaanza kujiuliza wamepunguza wapi.

Nikapata safari ya kikazi Nairobi, nikapita kwenye kliniki moja ya macho. Binti mwenye tableti akanipokea: "Karibu mzee, keti hapa." Nina miaka 44, kwetu huyo bado ni kaka. Nikakaa kizee hivyohivyo. Akanifungulia vifurushi vitatu.

Cha kwanza alikieleza harakaharaka na kwa sauti ya chini, kidole chake kikiwa tayari kwenye cha pili. Kuna konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kimashine chenye wembe kinaifungua juu kifuniko chembamba, leza inachonga chini yake kwa muda usiofika dakika moja, kifuniko kinarudishwa. Ndiyo LASIK ya kawaida. Neno wembe alilitamka mara nyingi kuliko lilivyohitajika.

Kwenye cha pili, kifuniko kinakatwa kwa leza nyingine, haraka ajabu, tena bila wembe. Juu ya hapo unachorewa ramani ya jicho lako kwa kipimo ambacho asili yake ni kwenye darubini za wataalamu wa nyota. Nikatafakari. Watu wanapima mbingu, na mimi shida yangu ni kutofautisha Mbezi na Mbagala.

Cha tatu kinaitwa SMILE. Humo hakuna kifuniko kabisa. Leza inachora kipande chembamba ndani ya konea yenyewe, daktari anakivuta nje kupitia mpasuko wa milimita chache, mnaagana. Tofauti ya bei kati ya cha kwanza na cha tatu ilikuwa bodaboda mpya, na hela ya mafuta ya kuanzia kazi.

"Wengi wanachukua gani?" nikauliza.

"Inategemea, mzee, na vile unajithamini."

Usiku ule, gesti ya River Road, nilivua miwani, nikaisogeza simu hadi ikagusa pua, nikasoma. Nilitaka kujua hela yangu inakwenda kwa nani. Huko mwanzo hakukuwa na leza hata moja. Daktari José Barraquer wa Bogotá, Colombia, tangu mwaka 1949 alikuwa akihangaika na wazo la kukata kipande cha konea, kukigandisha kwa baridi, kukikereza kwenye mashine na kukirudisha jichoni. Kukereza, naam, kama miguu ya kitanda.

Kisha ukaja mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM, jimbo la New York. Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walikuwa na leza ya eksima, itoayo mwanga usioonekana wa urujuanimno, na walikuwa wakitafuta cha kuujaribia. Siku moja baada ya sikukuu ya Thanksgiving, Srinivasan akaja kazini na mabaki ya bata mzinga wa jana. Wakampiga leza. Nyama ikachongeka kwa mpaka safi, na pembeni haikuungua. Kwa hiyo teknolojia ninayotaka kuiuzia kiwanja changu cha Chanika ilianza na kiporo. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akaonyesha kuwa inaweza kuchonga konea, na biashara ikaanzia hapo.

Ile leza ya kifurushi cha pili nayo ina yake. Mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi alipatwa na mwale jichoni kwa bahati mbaya. Daktari aliyemwangalia, Ron Kurtz, akakuta vidonda vidogo mno, nadhifu kuliko alivyowahi kuona, na badala ya kuishia kumpa pole akauliza: leza gani hii? Mbinu iliyowezesha leza za aina hiyo iliwapa Gérard Mourou na Donna Strickland sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018. Kifurushi cha kwanza, kiporo. Cha pili, ajali kazini. Cha tatu sikutaka hata kujua.

Lililoninyima usingizi lilikuwa jingine. Tafiti zilizolinganisha wembe na leza katika kufungua kifuniko zinaonyesha kwamba mwisho wa siku watu wanaona karibu sawa. Tofauti iko zaidi kwenye unadhifu wa kifuniko na aina ya madhara madogomadogo. SMILE inakata neva chache za konea, hivyo macho hayakauki sana baadaye, ingawa uoni huchelewa kidogo kutulia. Nikapiga hesabu nikaona bodaboda yangu hainiongezei hata mstari mmoja kwenye ubao wa daktari. Inanilipia nisilisikie tena neno wembe. Na kusema kweli, kwa saa ile ya usiku, bei haikuonekana kubwa.

Asubuhi nikampigia mke wangu. "Fanya tu, baba watoto," akasema. "Ile mihogo ya watu iliniaibisha." Kiwanja kikawa kimeuzwa kwa simu, bado mnunuzi tu.

Nikarudi kliniki kifua mbele, nikatangaza kifurushi cha tatu. Binti akaacha kuniita mzee, akaniita bosi. Nikapelekwa kwenye vipimo: kidevu hapa, paji hapa, usipepese, tazama taa ya kijani. Nilidhani ni taratibu tu za kupokelea hela.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na tableti. Akatazama karatasi, akanitazama, akarudi kwenye karatasi.

"Konea ya watu wengi ina unene wa mikroni 540 hivi," akasema. "Yako ina 478. Na kwa namba yako lazima nichonge nyingi. Kifuniko chenyewe kinakula mia na ushei. Nikishatoa vyote viwili, kinachobaki hakitoshi kulishikilia jicho kwa miaka ijayo. Linaweza kuanza kuchomoza mbele. Kwa hiyo LASIK hapana, ya wembe wala ya leza."

"Mimi nimechagua ya tatu, daktari."

"Hiyo pia hapana. Inachukua hata zaidi."

Nikauliza kama kuna ya nne, kwa sauti ya mtu anayeweza kuuza na nyumba.

Ipo, akasema, lakini si ya mbele, ni ya nyuma. PRK, kongwe kuliko zote tatu. Haikuwemo hata kwenye tableti. Hakuna kifuniko. Ngozi nyembamba ya juu ya konea inakwanguliwa, leza inachonga, unawekewa lenzi laini ya kufunika kidonda, ngozi inaota upya kwa siku chache. Siku hizo zinauma, na macho yanaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia. Bei yake ilikuwa chini ya kifurushi cha kwanza.

Nilijisikia kama niliyefukuzwa ukumbini. Nilishajiandaa kuumia mfukoni; kuumia jichoni kwa bei nafuu sikuwa nimekuombea ruhusa nyumbani.

"Halafu kuna hili," akaendelea, "unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nasahihisha maandishi kabla hayajachapwa. Akanivalisha ile miwani nzito ya chuma ya kujaribia, akachomeka lenzi zinazonipa macho kamili ya mbali. Nikatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibao cha duka, na chini yake namba ya simu, na niliisoma yote mpaka tarakimu ya mwisho. Kisha akanipa kadi yenye maandishi madogo. Nikaileta nilikozoea, karibu na pua: ukungu. Nikaisogeza nyuma, ukungu. Nikanyoosha mkono wote, nikaegemea kiti, mkono ukaisha kabla herufi hazijasomeka.

"Hivyo ndivyo utakavyokuwa," akasema. "Leza inachonga konea. Lenzi iliyo ndani ya jicho haiguswi, na ikishapita miaka arobaini inazidi kukakamaa. Sasa hivi ukivua miwani unasoma. Ukishafanyiwa, utavaa miwani ili usome."

Nyumbani kwetu sindano zote huletwa kwangu nizitungie uzi. Mama mkwe hunitumia chupa za dawa nimsomee tarehe ya kuisha. Ndiyo heshima pekee niliyonayo kwenye ukoo ule, nayo nilikuwa naitolea kiwanja.

Daktari akanieleza kuwa wapo wanaosahihishwa jicho moja kwa ajili ya mbali na lingine likaachwa la karibu. Nikaomba nikafikirie. Pale mapokezi binti alikuwa anasubiri na mashine ya kadi. Aliponiona sina karatasi ya malipo nikarudi kuwa mzee.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho. "Yaani hela tunayo," akasema, "jicho ndilo limekataa?" Akacheka mpaka akakata simu. Kisha nikampigia shemeji, Muscat.

"Hao wana mashine za zamani," akasema palepale. "Njoo huku, kuna mpya kabisa imeingia."

"Inaongeza unene wa konea?"

Kimya kidogo.

"Ngoja niulize bei."